Kabla Hujalipia Kruzi, Uliza Sufuria

Sikizeni, leo sina droni, sina muziki wa kuweka nyuma. Nina maneno tu, na baadhi yake yananiaibisha mwenyewe.

Mwaka jana niliposti video ya jahazi moja la kitalii huku kwetu. Wengi mnaikumbuka: tanga jeupe, jua linazama, mimi na sahani ya kamba, na juu yake nimeandika "Kruzi tamu kuliko zote Pwani." Ilivuma kweli. Ambacho sikuandika ni kwamba sikulipa hata ndururu. Nilialikwa. Siku walichagua wao, saa walichagua wao, na ile sahani ya kamba ilipikwa kwa ajili ya kamera.

Miezi miwili baadaye nikapata ujumbe. Dada mmoja wa Mtwapa alikuwa ameweka akiba miezi mitatu, akampeleka mamake siku yake ya kuzaliwa, kisa video yangu. Wakapewa kuku na chipsi baridi ndani ya boksi. Maji yalikuwa yameshatoka, mikoko imebaki mizizi nje, tope linanuka. Mamake, mtu aliyezaliwa na kukulia hapahapa Pwani, akamwuliza, "Mwanangu, hii ndiyo bahari tuliyolipia kuja kuiona?"

Ujumbe ule haukuwa na tusi hata moja. Ulimalizia hivi: "Dadangu, mimi nilikuamini."

Haki, angenitukana ningelala. Hilo neno "nilikuamini" ndilo lililonikosesha usingizi.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nikawachukua binamu zangu wawili, nikafunga leso kichwani, nikalipa ngiri tatu kwa kila kichwa kama mteja mwingine yeyote. Sikujitambulisha. Tukaingia kwenye jahazi lilelile, tukiwa watu 14. Laifu jaketi nilizihesabu mara mbili: 8. Chakula kilichoandikwa kwenye tangazo ni "vyakula vya bahari". Kilichokuja ni lile boksi. Nikamwuliza kijana wa boti samaki yuko wapi, akacheka. "Dada, samaki ni oda maalum." Yaani tunaelea juu ya maji yenye kaa na changu, tunatafuna kuku aliyekaangwa mjini tangu adhuhuri.

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, boti ikakwaa. Tope. Injini ikaunguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza. Maji yakazidi kutuacha. Tukakaa palepale mpaka saa tatu na nusu usiku, mbu wanatula, mtoto wa watu analia, simu zinazima moja moja.

Sasa hili ndilo nataka mlisikie vizuri. Kwenye ile boti kulikuwa na mzee mmoja, baharia wa miaka mingi, kazi yake ni kushika nanga. Nilikaa karibu naye gizani. Nikamwuliza, "Mzee wangu, hamkujua maji yatatoka?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, leo ni mwezi kumi na moja. Maji ya jioni lazima yatoke. Nilimwambia tajiri jana. Akasema wageni wameshalipa."

Ujuzi ulikuwa ndani ya boti. Haukusikizwa tu, manake sote, tajiri, mimi na nyinyi mliolipa, tulikuwa tunanunua picha.

Kwa hivyo msimamo wangu leo ni huu, na nitaubeba hata nikikosa mialiko: kruzi ya huku kwetu huchaguliwa kwa vitu viwili, sufuria na maji. Ukishajua kinachopikwa na maji yatakuwa wapi saa hiyo, picha itakuja yenyewe. Ukianza na picha, utakula chipsi topeni kama mimi.

Tuanze na maji, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapigwa.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hukaribia mita 4. Chukua milango miwili ya nyumba, simamisha mmoja juu ya mwenziwe, ndiyo hiyo. Pale ulipoona maji ya kijani saa kumi jioni, wiki ijayo saa hiyohiyo panaweza kuwa pakavu. Wazee wetu hawahitaji programu ya simu kulijua hili, wanahesabu mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mchanga huleta bamvua. Katikati yake huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayatoki sana.

Na huku kwetu bamvua ina tabia moja ambayo ukiijua umemaliza nusu ya kazi: maji hujaa alasiri, kwenye saa kumi hadi kumi na moja hivi, na hukupwa asubuhi, kwenye saa nne hadi saa tano. Sasa panga safari zako hapo.

Unataka Mida Creek, pale Watamu, upite katikati ya mikoko jua likizama? Nenda jioni ya bamvua. Maji yamejaa, mikoko imeloa mpaka kwenye majani, ndege wanarudi kulala. Ukienda siku tatu nne kabla ya mwezi mpevu, kama lile jahazi letu, unaingia maji yakiwa yanatoka, na utayalilia.

Unataka lile fungu la mchanga mweupe la upande wa Mayungu, ambalo Waitaliano waliliita Sardegna Due? Hapo mambo ni kinyume. Mchanga hutokeza maji yakitoka, kwa hivyo nenda asubuhi ya bamvua. Mtu akikuuzia safari ya kwenda huko saa kumi jioni ya mwezi mpevu, anakuuzia maji juu ya mchanga.

Unataka matumbawe, boti ya kioo, samaki wa rangi? Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, ni miongoni mwa za kwanza Afrika, na hakuna kuvua mle ndani. Lakini Malindi ina siri yake. Mto Athi unaotoka nyanda za Nairobi ndio huohuo Galana, na ndio huohuo Sabaki unaomwagika baharini kaskazini ya mji. Mvua ikinyesha bara, udongo wa watu unakuja kwetu. Na upepo wa kaskazi ukivuma, unausukuma ule udongo kuelekea kusini, bahari ya mjini inageuka chai ya maziwa. Kwa hivyo kabla hujatuma pesa, mwulize mtu aliye Malindi leo, "Maji yana rangi gani?" Usiulize video ya mwaka jana. Hata yangu.

Na kama hutaki hesabu zote hizi, njoo Kilifi. Huku maji ni marefu, boti hupita maji yakiwa juu au chini. Unapita chini ya daraja lililofunguliwa 1991 (kabla yake watu walivuka kwa feri), magofu ya Mnarani yako juu ya mwamba upande wa kusini, na hata kusi ikivuma nje huko mawimbi yakapanda, ndani hapa kumetulia. Usiku usio na mwezi kuna kitu kingine: ukitia mkono majini, maji yanawaka. Ni viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa jicho, vikiguswa vinatoa mwanga. Hakuna kamera ya simu yangu iliyowahi kukinasa vizuri. Ndiyo maana hamjakiona kwangu.

Haya, sasa sufuria.

Swali la kwanza kabla ya bei: nani anapika? La pili: samaki kanunuliwa wapi, na lini? La tatu: naweza kumwona kabla hajaingia jikoni? Samaki wa leo macho yamejaa na kung'aa, matamvua mekundu, ukimbonyeza nyama inarudi. Kaa anatakiwa awe hai, anakutishia na gando lake. Mtu anayejua kazi yake atafurahi umeuliza. Mtu akianza "usijali dada, chakula kipo", wewe jali.

Kwa sababu kuna chakula hakidanganyi. Samaki wa kupaka huwezi kumwigiza. Anachomwa juu ya makaa, huku tui zito likiwa limepikwa na thomu, pilipili na ukwaju, anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena mpaka lile tui linashika ngozi. Mpikaji lazima awepo pale, na moto lazima uwepo pale. Hapawi na boksi. Ndiyo maana nikiona kupaka kwenye menyu ya boti nauliza jiko liko wapi. Boti nyingi nzuri hazipiki ndani, zinatia nanga mahali, mnashuka ufukweni mnakuta mama ameshawasha makaa. Hapo sawa kabisa. Moto kwenye boti ya mbao yenye petroli si mzaha.

Na usidharau chakula cha bei ndogo. Mhogo wa nazi wa moto, na pweza kidogo juu yake, unaushinda uduvi wa barafu uliosafiri kuliko wewe. Viazi karai, bajia, madafu yaliyokatwa mbele yako: hiyo ni kruzi kamili kwa mbogi ya wanafunzi wasio na doh. Mama karanga pale bandarini anakaanga changu na tafi waliotoka majini asubuhi. Chukua kwake, uingie nao botini. Ukiwa upande wa Mida, pale Dabaso kuna Crab Shack, mkahawa wa mbao uliosimama juu ya mikoko, unaoendeshwa na kikundi cha uhifadhi cha wanakijiji wenyewe. Sambusa zao za kaa zinatosha kuwa sababu ya safari nzima. Na kabla hamjauliza: nililipa, na stakabadhi ninayo.

Kuna jambo la zamani linanichekesha. Aprili 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi akiwa ameshakosana na watu wa Mombasa, mfalme wa hapa alimpelekea kondoo na viungo, kisha akapatiwa rubani aliyemfikisha India. Tazama alichohitaji yule mgeni wetu: chakula, na mtu anayeyajua maji. Zaidi ya miaka 500 imepita, na tulivyo navyo vya kumpa msafiri ni vilevile viwili. Sisi tumeamua kumpa chipsi, na yule anayeyajua maji tumempa kamba ya nanga ashike anyamaze.

Najua mtasema nini, manake wengine mmeshaniambia.

Kuna wanaosema wageni hawali vyakula vyetu, wanataka kuku na chipsi. Mgeni gani? Waitaliano wamekaa Malindi miaka na miaka, vijana wetu wanaongea Kiitaliano barabarani, na kitu wanachokifuata wale watu ni samaki na kamba. Anayepewa boksi mara nyingi ni sisi wenyewe, mteja wa kutoka Mtwapa au Kaloleni aliyelipa bei ya mwananchi. Tunadhaniwa hatutajua tofauti. Sisi! Watu tuliolelewa na tui!

Kuna wanaoota meli kubwa zile za majuu. Sawa, ndoto si dhambi. Icon of the Seas, ilipoanza safari Januari 2024 kama meli kubwa kuliko zote za utalii, ilijengwa kubeba abiria mpaka 7,600. Hiyo ni Mayungu na majirani zake wote. Bafe usiku na mchana. Lakini jiko la watu elfu saba haliwezi kumsubiri mvuvi arudi. Lazima linunue mapema, ligandishe, lipange. Wewe ukiwa kwenye mashua ya watu 8 unaweza kumwonyesha nahodha kwa kidole ngalawa iliyomleta samaki wako. Hicho kitu tajiri wa meli kubwa hana, na sisi tunacho bure tunakitupa.

Halafu kuna hoja iliyonichoma: kwamba maneno kama haya yanawaharibia vijana wetu kazi. Hao mabaharia ni kaka zetu, wengine hawana kazi nyingine. Ni kweli. Ndiyo maana jina la lile jahazi sijalitaja na sitalitaja. Lakini hebu jiulize ni nani aliyeharibu kazi usiku ule. Wale watu 14 hawatarudi, na kila mmoja amewaambia kumi. Kama yule mzee angesikizwa, safari ingesogezwa kwa siku nne, tungeingia na maji ya bamvua, na leo ningekuwa naandika sifa. Anayeuliza maswali magumu kabla ya kulipa anampa yule mzee nguvu mbele ya tajiri. Tajiri akijua wateja wanauliza mwezi ni wa ngapi, atamwuliza anayejua.

Na hapa naomba niwe mkali kidogo kwetu sisi wa kontenti. Tunaokota kiti cha pweza kutoka majini, tunakiweka kwenye kiganja kwa sababu ya picha, tunakirudisha kimeshakufa nusu. Tunakanyaga matumbawe. Tunawarushia samaki mkate wajikusanye mbele ya kamera, na mkate si chakula chao. Tunavua laifu jaketi kwa sababu inaharibu nguo kwenye video. Halafu tunaandika "paradiso". Mimi nimefanya mawili kati ya hayo, msiniulize yapi.

Nilimpigia simu yule dada wa Mtwapa. Sikuwa na maneno mengi, nikamwambia samahani, na nikamwuliza kama mamake bado anaweza kuvumilia boti. Akanyamaza, kisha akacheka. "Nitamwuliza."

Tukaenda Kilifi, watu sita, mashua ya mjomba wangu, usiku wa mwezi mchanga. Kila mtu na laifu jaketi yake, hata mjomba, ambaye alilalamika kuwa inambana. Changu tulinunua mchana kwa mvuvi. Nyanyangu alitangulia ufukweni na jiko na nazi zake. Tulikula kwanza, mikono yote imejaa tui, ndipo tukatoka majini. Mama hakusema mengi. Tulipofika mahali penye giza alitia mkono ndani ya maji, ukawaka, akautoa, akautia tena. Akafanya hivyo muda mrefu kama mtoto. Wakati wa kushuka nilimwuliza safari imekuwaje. Akasema bahari ni nzuri, changu alikuwa mtamu, ila nyanyangu amezidisha chumvi.

Hiyo ndiyo tathmini ya kweli niliyowahi kupata tangu nianze kazi hii, na nyanya bado amenuna.

Kwa hivyo kuanzia leo, kila boti nitakayoposti nitaandika vitu vitano: nimelipa au nimealikwa, mwezi ulikuwa wa ngapi, nani alipika na samaki alitoka wapi, laifu jaketi ngapi kwa watu wangapi, na kama ada ya hifadhi imo kwenye bei au utaikuta mlangoni. Nikikosa kimoja, nitumieni ujumbe kama ule wa yule dada. Bila tusi. Hizo ndizo zinazouma.

Na wewe mwenye nyanya anayepika, au mjomba anayehesabu mwezi bila kalenda, ushawahi kumwuliza lini bahari iko vizuri? Mwulize wiki hii. Halafu uje utuambie alisema nini.